Namna Austria Ilivyowapokea Wakimbizi wa Hungaria

Mara kwa mara wasomaji hupata habari za watu waliovuka mpaka usiku, watoto wakiwa mgongoni na kifurushi kimoja mkononi, kwa sababu wameiogopa serikali ya nchi yao wenyewe. Habari kama hizo zikifika, wako waulizao swali la haki kabisa: Je, serikali ikiwapokea watu wanaoikimbia serikali ya jirani, si imekwisha kuingia katika ugomvi usio wake? Na kama nchi yenyewe ni ndogo, na serikali inayokimbiwa ina rafiki mwenye nguvu nyingi, je, si afadhali ifunge mlango wake na kunyamaza?

Swali hilo lilijibiwa kwa matendo katika majira ya baridi ya mwaka 1956, na aliyelijibu alikuwa nchi ndogo ya Austria. Katika makala haya twataka kueleza jinsi mambo yalivyokwenda, kwa maana mengi ya yale yanayofuatwa leo juu ya wakimbizi, hata katika Afrika yetu, yalijaribiwa huko kwanza.

NCHI ILIYO BAINA YA WAKUBWA

Austria iko katikati ya Ulaya, haina pwani, na wakati huo wakazi wake walikuwa wapatao milioni saba. Kwa upande wa mashariki imepakana na Hungaria. Mpaka huo una urefu wa zaidi ya kilomita 300, na sehemu yake kubwa si mlima wala mto mkubwa, bali ni mashamba, vinamasi na mifereji. Vienna, mji mkuu wa Austria, hauko mbali na mpaka huo. Mtu mwenye motokaa aweza kuufikia kwa muda wa saa moja hivi.

Mwaka 1938 Hitler aliitwaa Austria na kuiunganisha na Ujerumani. Vita vilipokwisha mwaka 1945, mataifa manne yaliyoshinda, yaani Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, yaliigawanya nchi hiyo, kila moja likakaa na askari wake katika sehemu yake. Warusi walipata upande wa mashariki, ule unaopakana na Hungaria. Hali hiyo ilidumu miaka kumi. Hatimaye, tarehe 15 Mei 1955, mkataba wa kuirudishia Austria uhuru wake ulitiwa sahihi huko Vienna, na kabla ya mwezi wa Oktoba kwisha majeshi yote ya kigeni yalikuwa yameondoka.

Uhuru huo ulikuwa na sharti lake. Wakubwa wa Moscow hawakutaka kuona Austria ikijiunga na majeshi ya nchi za Magharibi. Basi tarehe 26 Oktoba 1955 Bunge la Austria lilipitisha sheria isemayo kwamba nchi hiyo haitajiunga kamwe na mapatano yo yote ya kivita, wala haitaruhusu jeshi la kigeni kuweka kambi katika ardhi yake.

Sisi tunaofasiri habari hizi tumezoea kuiita hali hiyo "kutopendelea upande wo wote." Fasiri hiyo yafaa, lakini yaweza kumpoteza msomaji asiyejihadhari. Akiyasikia maneno hayo, aweza kudhani kuwa nchi ya namna hiyo imejifunga kuwa kipofu na bubu. Sivyo. Sheria ya Austria ilihusu majeshi, silaha na mapatano ya vita. Haikuwakataza watu wake wasione, wala haikuikataza serikali yao isiseme.

Tuchukue mfano wa mtu aliyejenga nyumba yake baina ya jirani wawili wenye uhasama. Mtu huyo ameapa mbele ya wazee kwamba hatamwazima ye yote panga wala rungu, na kwamba hatakubali ua wake uwe uwanja wa kupigania. Kiapo hicho ni kizuri, na wote wawili wamekikubali. Lakini hakuapa kwamba mtoto wa jirani akija usiku, akilia na kugonga, atamfungia mlango.

MAMBO YA HUNGARIA

Baada ya vita Hungaria ilitawaliwa na chama cha Kikomunisti kilichotegemea nguvu za Umoja wa Kisovieti. Kiongozi wake, Mátyás Rákosi, aliutawala umma kwa hofu. Polisi wa siri waliwakamata watu kwa maelfu, wengine wakafungwa, wengine wakapelekwa katika kambi za kazi, na hata wakubwa wa chama chenyewe hawakusalimika. Ili raia wasitoroke, serikali iliufunga mpaka wa Austria kwa seng'enge na mabomu yaliyofukiwa ardhini.

Katika mwaka 1956 utawala huo ulianza kulegea. Rákosi aliondolewa mwezi wa Julai. Kadhalika, serikali iliamuru mabomu ya mpakani yafukuliwe, na kazi hiyo ilikuwa imekwisha karibu yote ulipofika mwezi wa Oktoba. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana lisingalikuwako, wengi wa wale walioponyoka wasingaliponyoka.

Tarehe 23 Oktoba 1956 wanafunzi wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, waliandamana, na wafanya kazi wakaandamana nao. Walidai majeshi ya Kirusi yaondoke na uchaguzi wa haki ufanywe. Usiku huo risasi zilipigwa, na watu wakatwaa silaha. Imre Nagy, Mkomunisti aliyependwa na umma, aliwekwa kuwa Waziri Mkuu. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba Hungaria imejitoa katika mapatano ya kivita ya nchi za mashariki, nayo itakuwa nchi isiyopendelea upande wo wote, kama jirani yake Austria. Akauomba Umoja wa Mataifa msaada. Alfajiri ya tarehe 4 Novemba vifaru vya Kirusi viliingia Budapest kwa wingi. Wahungaria wapatao 2,500 waliuawa katika mapigano yale.

Siku hiyohiyo shauri lilipelekwa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lakini mjumbe wa Umoja wa Kisovieti alilizuia kwa kura yake ya turufu. Likapelekwa mbele ya Baraza Kuu, ambako nchi 50 zilikubali kuutaka Umoja wa Kisovieti uondoe majeshi yake, nchi 8 zikakataa, na 15 hazikupiga kura upande wo wote. Majeshi hayakuondoka. Yafaa kusema pia, bila kuficha, kwamba wakati ule Uingereza na Ufaransa, pamoja na Israeli, zilikuwa zikipigana na Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez. Ni vigumu kumkanya mtu asimpige jirani yake huku nawe umeinua fimbo.

AUSTRIA YAFUNGUA KINYWA CHAKE

Sasa tuitazame Austria ilivyosimama. Ilikuwa imepata mwaka mmoja tu tangu askari wa kigeni kuondoka. Jeshi lake lilikuwa changa hata vijana wa kwanza walioandikwa kwa sheria waliingia kambini tarehe 15 Oktoba 1956, yaani siku nane kabla ya mambo ya Budapest kuanza. Warusi waliokuwa wameondoka juzi walikuwa sasa ng'ambo ya pili ya mpaka, na vifaru vyao. Mtu mwoga angalisema kuwa hapa dawa ni kunyamaza.

Serikali ya Chansela Julius Raab haikunyamaza. Tarehe 28 Oktoba, yaani juma zima kabla ya shambulio la pili, mawaziri wake walitoa tamko la kuisihi Serikali ya Kisovieti isaidie kukomesha mapigano na umwagaji wa damu katika Hungaria. Maneno yalikuwa ya adabu, lakini yalisemwa hadharani na yalielekezwa kwa mwenye nguvu mwenyewe. Na kura zilipopigwa katika Baraza Kuu tarehe 4 Novemba, Austria ilikuwa miongoni mwa zile nchi 50.

SILAHA UPANDE MMOJA, WATU UPANDE WA PILI

Kusema peke yake kusingalifaa kitu kama matendo ya mpakani yangalivurugika. Hapa ndipo tunapoona hekima ya serikali ile. Iligawanya shauri lote katika mafungu mawili: silaha na watu. Kwa habari ya silaha, mlango ulifungwa kabisa. Kwa habari ya watu, mlango ulifunguliwa kabisa. Wala haikukubali mafungu hayo yachanganywe.

Askari wa Austria walipelekwa mpakani, na vibendera vya rangi nyekundu na nyeupe vikasimikwa ili kila mtu aone nchi inapoanzia. Amri ilikuwa kwamba mtu ye yote atakayevuka na silaha, awe Mhungaria au Mrusi, ataamriwa kuiweka chini. Akikataa, atapigwa risasi. Wapiganaji wa Hungaria waliovuka na bunduki walinyang'anywa na kuwekwa mahali pao peke yao, mbali na raia. Ferenc Nagy, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Hungaria miaka iliyotangulia, alipofika Vienna katika siku zile za Oktoba, aliombwa aondoke, isije ikasemwa kwamba serikali nyingine ya Hungaria inapangwa katika ardhi ya Austria.

Huenda msomaji akayaona hayo kuwa magumu, hasa kwa wale waliokuwa wakipigania uhuru wao. Lakini yalikuwa na maana yake. Redio na magazeti ya upande wa Kikomunisti yalikuwa yakieneza habari kwamba silaha zinapitishwa Austria kwenda Hungaria. Serikali ya Austria iliyakana maneno hayo, kisha ikawachukua maafisa wa kijeshi wa balozi za yale mataifa manne, Warusi wakiwamo, ikawapeleka mpakani wajionee kwa macho yao. Serikali ambayo mikono yake ni safi huweza kumwita mshitaki wake aje kutazama.

Amri ile ya mpakani haikuwa ya maneno matupu. Mwezi wa Novemba askari wa Kirusi waliwafukuza wakimbizi hata wakaingia ndani ya Austria karibu na kijiji cha Rechnitz. Waaustria walipiga risasi, na askari mmoja wa Kirusi akafa. Vita havikutokea kwa sababu hiyo. Kila upande ulijua mpaka uko wapi, na amri yenyewe ni ipi.

KILA AVUKAYE NI MGENI

Kwa habari ya watu, neno la Waziri wa Mambo ya Ndani, Oskar Helmer, lilikuwa fupi: kila Mhungaria avukaye atapewa hifadhi. Hakuna aliyewekwa mpakani kumwuliza mtu mmoja mmoja athibitishe kwamba alikuwa akitafutwa na polisi.

Jambo hilo lahitaji kuelezwa. Kwa Mapatano ya Wakimbizi ya mwaka 1951, ambayo Austria ilikuwa imejiunga nayo mwaka 1954, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ana hofu yenye msingi ya kuonewa kwa ajili ya rangi yake, dini yake, taifa lake, kundi lake au mawazo yake ya siasa. Na mtu wa namna hiyo hairuhusiwi kumrudisha mahali penye hatari. Kwa desturi kila mmoja huhojiwa peke yake. Lakini wakija maelfu kwa usiku mmoja, na sababu ya kukimbia kwao yajulikana na dunia nzima, kuwahoji mmoja mmoja ni sawa na kumwuliza mtu anayetoka katika nyumba inayoungua alete ushahidi wa moto. Basi walikubaliwa kwa jumla.

Palikuwa na kizuizi kingine cha sheria. Mapatano yale yaliandikwa kwa ajili ya watu waliokimbia kwa sababu ya matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na hawa walikimbia mwaka 1956. Wanasheria wa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi wa Umoja wa Mataifa walijibu kwamba chanzo cha mambo haya ni mabadiliko ya utawala yaliyofanyika Hungaria mara baada ya vita; kilichotokea mwaka 1956 kilikuwa tunda la mti uliopandwa zamani. Serikali ziliikubali hoja hiyo.

Watu walikuja kwa miguu, wengine kwa magari hadi karibu na mpaka, kisha wakapita mashambani gizani. Karibu na kijiji cha Andau palikuwa na daraja dogo la mbao juu ya mfereji, ambalo wakulima walilitumia kwenda mashambani mwao. Daraja hilo likawa njia ya wengi, mpaka tarehe 21 Novemba 1956 lilipovunjwa kwa baruti. Waliokuja baada ya siku hiyo walivuka maji ya baridi kali kwa magogo, au kwa kushikwa mkono na vijana waliokuwa wakingoja upande wa pili.

Hata mwisho wa Novemba watu zaidi ya 100,000 walikuwa wamekwisha kuingia Austria. Jumla yao, mambo yalipotulia mwaka 1957, ilikuwa watu wapatao 180,000, na wengine 20,000 hivi walikimbilia Yugoslavia. Walitoka katika nchi ambayo watu wake wote hawakufika milioni kumi. Walikuwamo wafanya kazi wa viwanda, wanafunzi, waganga, mama na watoto, na vijana wengi waliokuja peke yao pasipo wazazi.

Walilazwa katika shule, makanisa, kumbi na nyumba za watu. Huko Traiskirchen, karibu na Vienna, palikuwa na majengo makubwa yaliyokuwa kambi ya askari wa Kirusi hadi mwaka 1955, nayo yalikuwa yameharibika. Wakimbizi walilala humo juu ya majani makavu. Vyama vya Msalaba Mwekundu na vyama vingine vya hisani vilileta chakula, blanketi na dawa, na watu wa vijiji vya mpakani, ambao wenyewe hawakuwa matajiri, walitoa mikate na nguo zao.

MZIGO MZITO MPE MWENZIO

Austria isingaliweza kuuchukua mzigo huo peke yake, na serikali yake haikuona haya kusema hivyo. Tarehe 5 Novemba, siku moja tu baada ya vifaru kuingia Budapest, ilimwomba Kamishna Mkuu wa Wakimbizi na Halmashauri ya Serikali mbalimbali iliyosimamia mambo ya wahamiaji wa Ulaya zisaidie kwa fedha, na hasa kwamba nchi nyingine zije kuwachukua watu. Haikungoja mpaka ghala liwe tupu.

Jibu lilikuwa la haraka. Katika siku chache gari moshi za kwanza zilianza kuondoka zikiwa na wakimbizi, nyingine zikielekea Uswisi. Ulipokwisha mwaka 1956, karibu nusu ya wote walioingia Austria walikuwa wamekwisha kupelekwa katika nchi nyingine. Mwishowe nchi 37 ziliwapokea. Marekani ilichukua watu wapatao 38,000, Kanada zaidi ya 37,000, na Uingereza wapatao 21,000. Waziri wa Kanada aliyehusika na uhamiaji, Jack Pickersgill, alisafiri mwenyewe hadi Vienna kuharakisha kazi hiyo. Chuo cha misitu cha Sopron, mji wa Hungaria ulio mpakani, kilitoa walimu pamoja na wanafunzi wapatao 200 waliohamia Kanada, wakaendelea na masomo yao katika Chuo Kikuu cha British Columbia.

Wako pia waliorudi kwao. Wajumbe wa serikali ya Hungaria waliruhusiwa kuja kambini kusema na watu wao, lakini kurudi kulikuwa kwa hiari ya mtu mwenyewe. Watu wapatao 18,000 walichagua kurudi. Waliobaki Austria kuwa wakazi wake walikuwa chini ya 20,000, nao walitafutiwa kazi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Desturi hiyo haina ubaya ndani yake, maana mtu aliyepewa jembe amepewa pia heshima ya kujilisha.

YALE AMBAYO HAYAKUTENDEKA

Haifai kuieleza hadithi hii kana kwamba ilikuwa njema yote. Kwanza, kuwapokea wakimbizi hakukuikomboa Hungaria. Serikali ya János Kádár, iliyowekwa kwa nguvu za vifaru, iliwafunga watu kwa maelfu na kuwanyonga zaidi ya 200. Imre Nagy alikuwa amejificha katika ubalozi wa Yugoslavia huko Budapest. Tarehe 22 Novemba 1956 alitoka kwa ahadi kwamba yu salama, akakamatwa palepale, na tarehe 16 Juni 1958 akanyongwa. Kifo chake kinatuonyesha tofauti iliyopo baina ya kuvuka na kutovuka, na baina ya ahadi iliyotimizwa na ahadi iliyovunjwa.

Pili, baadhi ya nchi zilizokuja kuchukua watu zilipenda vijana wenye afya na ufundi. Wazee na wagonjwa walingoja zaidi. Wale waliokimbilia Yugoslavia nao hawakuhamishwa kwa haraka kama waliokuwa Austria.

Tatu, hata huruma ya mwenyeji ina mwisho wake. Mwaka 1957 ulipoanza, ule moto wa mapenzi wa siku za kwanza ulipoa, na katika Austria yenyewe manung'uniko yalisikika juu ya gharama na juu ya wageni. Manung'uniko hayo yangalikuwa makubwa zaidi kama gari moshi zisingaliendelea kuondoka.

YALIYOFUATA, NA AFRIKA

Mwaka 1957 Waalgeria wengi walivuka kuingia Tunisia na Morocco wakikimbia vita vya nchi yao. Serikali ya Tunisia iliomba msaada, na Kamishna Mkuu wa Wakimbizi alifanya kazi yake ya kwanza kubwa nje ya Ulaya, akiwahudumia watu hao kwa jumla kama walivyohudumiwa Wahungaria. Mwaka 1967 nyongeza ya Mapatano iliondoa ile tarehe ya 1951.

Kisha, mwaka 1969, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulifanya mapatano yake wenyewe huko Addis Ababa juu ya wakimbizi. Msomaji akiyatazama atayatambua mambo ya mwaka 1956 ndani yake. Yasema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, na serikali yo yote isilihesabu kuwa tendo la uadui. Yasema kwamba wakimbizi wakae mbali na mpaka kadiri iwezekanavyo, na kwamba wasiitumie nchi iliyowapokea kuishambulia nchi waliyotoka. Yasema tena kwamba nchi moja ikilemewa, yaweza kuziita nchi wenzake zichukue sehemu ya mzigo. Silaha upande mmoja, watu upande wa pili, na mzigo ugawanywe: ndiyo yale yale.

Kenya imeyajua mambo hayo kwa kuyatenda. Wasomali walipokimbia vita mwaka 1991, walipokelewa kwa jumla, na kambi za Dadaab zikaanzishwa kwa ajili ya watu 90,000. Baadaye waliokaa humo walizidi hesabu hiyo mara nyingi. Sehemu mbili za kwanza za kazi ile zilifanyika hapa kama zilivyofanyika Austria: mlango ulifunguliwa, na watu wakawekwa mahali pao. Sehemu ya tatu haikufanyika. Hazikuja nchi 37 zikiwa na gari moshi na ndege zao. Waliochukuliwa kwenda ng'ambo walikuwa wachache wakilinganishwa na waliobaki, na watoto waliozaliwa kambini wamekua, wakaoa na kuolewa humohumo.

Basi swali tulilolianza nalo limepata jibu, lakini jibu hilo limeleta swali jingine. Kwamba nchi ndogo yaweza kumfungulia mlango mtu anayekimbia bila kuingia vitani, Austria imekwisha kutuonyesha. Ilifanya hivyo kwa kuwa mkweli juu ya mpaka wake, mkali juu ya silaha, na mwepesi wa kuomba msaada. Lakini mlango wake ulibaki wazi majira yote ya baridi kwa sababu milango mingine ilifunguliwa nyuma yake. Mtu akimlaumu mwenye nyumba ya mpakani kwamba amechoka na wageni, yafaa kwanza aulizwe: wewe uliye mbali na mpaka, umewachukua wangapi?